Mgeni alilipa kwa kadi ya wizi, benki imezikata fedha kwangu: hasara hii ni ya nani?

MamaWageni_Kisasa ameuliza:

Heshima kwenu wanajukwaa. Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba tisa hapa Kisasa, Dodoma, na kwa miaka sita nimeishi kwa wateja wale wale ambao kila mwenye biashara hii mjini anawafahamu: watumishi wanaoitwa Mtumba kwa kikao cha siku mbili, wazazi wanaowaleta watoto wao UDOM, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, watu wa kila aina wanaofuata Bunge la Bajeti. Bunge likishaahirishwa vyumba hubaki vitupu. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni, nilipopokea barua pepe ya mtu aliyejitambulisha kuwa daktari kutoka Ulaya, akiomba vyumba vitatu kwa siku tano za Agosti kwa ajili ya kundi linalokwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, nilimshukuru Mungu bila kuuliza maswali mengi.

Bei yangu ni shilingi 120,000 kwa chumba kwa siku, kwa hiyo hesabu ilikuwa 1,800,000. Mgeni akasema atalipa zote mapema kwa kadi ya mkopo. Akanitumia namba ya kadi katika barua pepe moja, halafu tarehe ya mwisho wa kadi na zile tarakimu tatu za nyuma katika barua pepe nyingine, akieleza kwamba anazitenganisha kwa ajili ya usalama. (Nikiyakumbuka maneno hayo leo hucheka peke yangu.) Kisha akaleta ombi dogo: dereva atakayewapokea stesheni ya SGR, kuwapeleka Kolo na kuwarudisha, hana mashine ya kadi, je, ningeweza kukata jumla ya 3,250,000 kwenye kadi, nibaki na changu, na 1,450,000 nimtumie dereva kwa simu? Sikuona ubaya, kwa kuwa ni kweli kwamba madereva wetu wengi hawana mashine.

Kadi yenyewe sikuwa nayo, kwa hiyo niliiandika namba kwa mkono kwenye mashine, nayo ikatoa karatasi inayosema muamala umekubaliwa, pamoja na namba ya idhini yenye tarakimu sita. Siku mbili baadaye 3,152,500 ziliingia kwenye akaunti yangu, benki ikiwa imeshachukua ada yake ya asilimia tatu, na jioni hiyo hiyo nikamtumia dereva fedha zake. Agosti ilipofika tulitandika vyumba, tukapika chakula cha watu sita, na binti wa mapokezi akakesha hadi saa saba za usiku akisubiri honi getini. Hakuja mtu. Simu ya dereva haipatikani mpaka leo. Wiki iliyofuata benki yangu iliniandikia kwamba mwenye kadi, ambaye ni mtu mwingine kabisa anayeishi Marekani, ameukana muamala, na kwamba 3,250,000 zimeondolewa kwenye akaunti yangu pamoja na 60,000 za kushughulikia shauri hilo. Nimepewa siku kumi za kujibu.

Naomba mnisaidie kuelewa. Ikiwa mashine niliyopewa na benki ilikubali na kunipa namba ya idhini, kwa nini mzigo unanirudia mimi? Benki iliyotoa kadi, ambayo ndiyo inayomjua mteja wake, inabeba nini? Na huyo mwenye kadi, ambaye namba zake zimeibwa akiwa nazo yeye, hachangii chochote? Polisi nimekwenda na RB nimepata, ila askari aliyenihudumia aliniambia kwa upole kwamba jambo la benki nikalimalize benki.

Karani_Mstaafu amejibu:

Pole sana, mama. Nilifanya kazi miaka kumi na nne katika kitengo cha kadi cha benki moja, nusu yake nikiwa kwenye dawati la miamala inayokanwa, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wafanyabiashara waliokuja wakiwa na karatasi kama hiyo yako, wengine wameikunja na kuikunjua mpaka wino umefutika.

Neno lililokuponza ni hilo "umekubaliwa". Ulipobonyeza namba zile, mashine ilipeleka swali kwa benki yako, swali likapita kwenye mtandao wa kampuni ya kadi hadi kwa benki iliyotoa kadi, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo ndani ya sekunde chache. Swali lenyewe lilikuwa hivi tu: kadi yenye namba hii ipo, haijafungwa, na ina nafasi ya kiasi hiki? Jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa la kweli. Hakuna aliyeuliza kama anayeitaja namba ndiye mwenyewe, kwa sababu muamala wa kuandika kwa mkono hauna chombo cha kuuliza hivyo. Chipu haikusomwa, namba ya siri haikubonyezwa. Namba ya idhini uliyopewa inathibitisha kwamba uliuliza, basi. Haimfungi mtu kukulipa endapo mwenye kadi atasema hakuhusika.

Sasa kuhusu nani hubeba. Katika miamala ya kaunta, ambapo kadi na mtu wote wapo mbele yako, kampuni kubwa za kadi zimejenga kanuni inayomwelekezea hasara yule anayetumia chombo dhaifu zaidi. Mfano unaojulikana ni wa Marekani. Kwa miaka mingi kadi za kule zilitegemea mstari wa sumaku, ambao ni rahisi kunakiliwa, na kadi ya bandia ikipita dukani hasara kwa kawaida ilikuwa ya benki iliyotoa kadi halisi. Tarehe 1 Oktoba 2015 mambo yakageuzwa: ikiwa kadi ina chipu na duka bado linachanja sumaku, hasara ya kadi ya bandia inakwenda upande wa duka, ikiwa duka lina mashine ya chipu, hasara inabaki kwa benki iliyotoa kadi. Hakuna aliyelazimishwa kununua mashine mpya. Walihamishiwa tu hasara, na mashine zikanunuliwa. Vituo vya mafuta, kwa sababu kubadili pampu ni gharama kubwa, viliongezewa muda hadi Aprili 2021.

Kwa hiyo, mama, kama yule "daktari" angekuja mwenyewe kaunta, akatoa kadi, ukaichomeka mashine ikasoma chipu, na baadaye mtu akaikana, ungekuwa umekaa kwako unakunywa chai na benki ya Marekani ndiyo ingekuwa inahangaika. Wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Chipu ilipowafungia kaunta walihamia kwenye simu, barua pepe na mtandao, kule ambako kadi haionekani.

Na kule ambako kadi haionekani, kanuni ya tangu zamani ni kwamba hasara ni ya mfanyabiashara. Kipo kifungu kinachosema hivyo katika mkataba uliosaini siku uliyopewa mashine. Kitafute, mara nyingi kiko kurasa za nyuma kabisa. Njia kuu ya kuikwepa ni malipo ya mtandao yanayopitia mfumo unaoitwa 3-D Secure, ambapo mteja anapelekwa kwanza kwa benki yake, nayo humtumia namba ya uthibitisho ya mara moja kwenye simu au humtaka aidhinishe kwenye programu. Benki hiyo ikishathibitisha kwamba ni yeye, mteja akija kusema "si mimi", hasara kwa kawaida huwa ya benki iliyothibitisha. Uliza benki yako kama inatoa kiungo cha malipo chenye uthibitisho huo. Unamtumia mgeni kiungo, analipa mwenyewe, na wewe huoni hata tarakimu moja ya kadi yake.

Kuhusu siku kumi ulizopewa, sitakudanganya. Mwenye kadi kwa kawaida huwa na hadi siku 120 za kuukana muamala wa namna hii. Benki yake huurudisha kupitia mtandao wa kadi, benki yako inakatwa kwanza, nayo inakukata wewe. Sisi ofisini tuliuita chajibaki. Kujibu ni haki yako, lakini barua pepe za tapeli na karatasi ya idhini hazithibitishi kwamba mwenye kadi alishiriki, na hilo ndilo pekee linaloulizwa.

Jambo la mwisho, fanya hesabu upya. Hasara yako taslimu si 3,250,000. Uliingiziwa 3,152,500 na umekatwa 3,250,000, tofauti ni 97,500, yaani ile ada ya asilimia tatu ambayo haikurudi. Ongeza 60,000 za shauri. Ongeza 1,450,000 ulizomtumia "dereva". Jumla ni 1,607,500 ukiacha makato ya simu, na vyumba vilivyolala vitupu. Utaona kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizokutoka mfukoni hazikupita kwenye kadi hata kidogo. Tapeli hakutaka vyumba vyako. Alitaka umgeuzie namba ya wizi kuwa fedha taslimu.

Duka_Majengo amejibu:

Mzee Karani ameeleza vizuri, lakini maelezo mazuri hayaifanyi kanuni kuwa ya haki. Nina duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Majengo na mashine ya kadi ninayo. Kila mteja anapochanja ninakatwa asilimia yangu, awe mwizi au mwaminifu, na nilipouliza ada hiyo ni ya nini, ofisa aliyeniletea mashine alinitajia, pamoja na mambo mengine, usalama wa miamala. Kama usalama nimeshaulipia, mbona siku ya hasara naambiwa mlango niliuacha wazi mimi? Mama huyu hakuijenga mashine inayokubali kuandikwa namba kwa mkono. Aliletewa, ikawashwa, akaonyeshwa wapi pa kubonyeza, akapewa na roli tatu za karatasi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo benki zinavyouona mzigo wetu.

Mimi nimeshaamua: kadi napokea ile ninayoiona kwa macho tu, na anayenipigia kutoka Singida au Kondoa anatuma fedha kwa simu kwanza ndipo mzigo unapanda basi.

Wakili_Chamwino amejibu:

Nitajibu swali la tatu la dada yetu, la mwenye kadi, kwa kuwa ndilo watu hulikasirikia zaidi bila kujua lilikotoka.

Marekani, mzigo wa mwenye kadi ya mkopo umewekewa ukomo na sheria tangu mwaka 1970. Katika miaka ya 1960 benki za kule zilikuwa zikituma kadi kwa posta kwa watu ambao hata hawakuziomba. Chicago mwishoni mwa 1966 zilitumwa kwa mamilioni, na nyingi zikaishia mikononi mwa wezi waliozichukua kwenye masanduku ya barua. Watu wakaanza kudaiwa madeni ya kadi ambazo hawajawahi kuzishika. Mwaka 1970 Bunge la nchi hiyo likapiga marufuku kutuma kadi kwa asiyeiomba, na katika marekebisho hayo hayo likasema mwenye kadi hatadaiwa zaidi ya dola 50 kwa matumizi asiyoyaidhinisha. Pale ambapo namba tu ndiyo imeibwa na kadi bado iko kwenye pochi yake, kama ilivyo katika kisa hiki, hadaiwi hata senti. Kadi ya benki inayochota fedha kwenye akaunti ya mteja mwenyewe ina sheria tofauti, ya mwaka 1978, ambayo ni kali kwa mzembe: akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi ukomo ni dola 50, akichelewa unaweza kufika dola 500, na akipitisha siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, anaweza kubeba yote yanayofuata. Umoja wa Ulaya una ukomo wa yuro 50, Uingereza pauni 35, isipokuwa mteja awe ameshiriki udanganyifu au amefanya uzembe mkubwa.

Msingi wa sheria hizi ni kwamba mteja mmoja mmoja hana uwezo wa kuujenga mfumo wala kuulinda, kwa hiyo mzigo umewekwa kwa wenye mfumo. Tatizo ni kwamba sheria hizo zinamlinda mteja halafu zinanyamaza. Hazisemi benki na mfanyabiashara wagawane vipi kilichobaki. Hapo ndipo kanuni za kampuni za kadi zinapoingia, na kanuni hizo zinamfikia mfanyabiashara wa Kisasa kupitia mkataba wake na benki yake. Kwa hiyo Ndugu wa Majengo ana hoja ya haki, lakini mahakamani nitaanza kuulizwa mkataba unasemaje.

Hapa nyumbani tunayo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na zipo Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Utaratibu ni kwamba malalamiko yanaanza kwa maandishi katika benki yako yenyewe, na usiporidhika ndipo unapoyapeleka Benki Kuu, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma. Katika barua yako usiandike kwamba umeonewa. Uliza mambo mahususi: ni lini uliomba kuandika namba kwa mkono kuwashwe kwenye mashine yako, ni nani aliyekueleza hatari yake, na maelezo hayo yako kwenye karatasi gani. Kama ulipewa uwezo huo bila kuuomba wala kuelezwa, hilo ni jambo la kuzungumza hata kama kifungu cha mkataba kiko dhidi yako.

Zile 1,450,000 ni shauri jingine, usilichanganye na la kadi. Ulizituma mwenyewe kwa namba yako ya siri, na mtandao wa simu utauhesabu muamala huo kuwa halali. Uingereza wamekwenda mbali zaidi yetu katika hili: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu au biashara ndogo sana ikidanganywa ikatuma fedha yenyewe benki kwa benki, hurudishiwa hadi pauni 85,000, na benki iliyotuma na iliyopokea hugawana gharama nusu kwa nusu. Kwetu njia iliyopo ni jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakugusa moja kwa moja, na laini iliyopokea fedha imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu fulani, iwe ni zake au za bibi kizee aliyedanganywa akaweka dole gumba. Rudi polisi, na safari hii usianze na habari za kadi. Sema: nimetapeliwa 1,450,000 kwenda namba hii, siku hii, saa hii, na kumbukumbu ya muamala ni hii.

Na zile barua pepe zenye namba ya kadi usizisambaze kwa mtu kwa kutafuta msaada. Namba ile ni ya mtu asiye na hatia, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mtumishi_Ihumwa amejibu:

Naomba nami niseme kwa upande wa mwenye kadi, maana inaonekana kama tunapona bila kuguswa. Mwaka juzi niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta meseji nne za benki, zote zimeingia kati ya saa tisa na saa tisa na nusu za usiku. Ya kwanza ilikuwa ya kiasi kidogo kisichofika shilingi elfu tatu, ya pili vivyo hivyo, ya tatu na ya nne ndizo zilizobeba karibu mshahara mzima. Baadaye nilielezwa kwamba mwizi huanza na senti chache kuangalia kama kadi inapumua. Kadi ilikuwa mfukoni mwangu muda wote, na nadhani namba zilichukuliwa kwenye tovuti niliyowahi kununulia vitabu.

Kadi yangu si ya mkopo, ni ya akaunti ya mshahara. Kwa hiyo wakati benki ikichunguza, fedha zilizotoka zilikuwa za kwangu, si za benki. Nilijaza fomu, nikaandika barua, nikarudi tawini mara tatu, na siku ya arobaini na mbili zikarudishwa zote. Sheria zikisema nimelindwa, sawa, nilirudishiwa. Lakini siku hizo arobaini na mbili ada ya shule ya mtoto niliikopa kwa shemeji yangu. Jirani yangu aliyeibiwa kwa kadi iliyotumika kwenye mashine ya kutolea fedha, na namba ya siri ikaingizwa sahihi mara ya kwanza, hakurudishiwa kitu. Aliambiwa kwamba namba ya siri ni yeye.

Karani_Mstaafu amejibu:

Ndugu wa Majengo, sikusema kanuni ni ya haki, nilieleza inavyofanya kazi. Nikuongezee kitu kitakachokukasirisha zaidi. Sehemu kubwa ya asilimia unayokatwa haibaki kwa benki iliyokuletea mashine. Inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, na hoja mojawapo ambayo benki hizo hutoa kuitetea ada hiyo ni kwamba zinabeba hatari ya udanganyifu. Ulaya waliona imezidi, na tangu 2015 sehemu hiyo imewekewa ukomo wa asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Kwa hiyo muuza balbu wa Majengo huchangia hasara za wizi kila siku kwa vipande vidogo ndani ya ada, kisha ukimfika mwenyewe hulipa tena. Naye huiweka kwenye bei ya balbu, hivyo anayenunua kwa fedha taslimu, ambaye hajawahi kushika kadi, naye anachangia bila kujua.

Hata hivyo, nikiwa upande ule wa dawati, niliona pia upande wa pili. Benki ingebeba kila muamala wa namba iliyoandikwa kwa mkono, ndani ya mwezi mmoja tungekuwa na "nyumba za wageni" ambazo hazina hata kitanda, zimefunguliwa kwa ajili ya kuandika namba za wizi tu. Niliwahi kushughulikia moja. Anwani yake ilikuwa kiwanja chenye mbuyu na mbuzi wawili.

Kwa kesi ya mama, namuunga mkono Wakili: mkazo uwe kwenye nani aliuwasha uwezo ule wa kuandika namba.

MamaWageni_Kisasa amejibu:

Nawashukuru wote, na Wakili hasa, kwa kuwa nilikuwa naandika barua ya kulia. Jana nimekwenda tawini na maswali yale matatu. Mkataba wangu umepatikana, na kifungu kipo ukurasa wa kumi na moja, kwa maandishi ambayo ilibidi binti aniazime miwani ya mteja kuyasoma. Lakini fomu ya maombi ya mashine nayo ilitolewa, na kisanduku cha "kupokea malipo bila kadi kuwepo" hakina alama yangu. Kina alama ya kalamu ya rangi nyingine. Meneja aliitazama kwa muda mrefu, akaenda kuitoa nakala, akaniambia shauri litapelekwa makao makuu na kwamba ile 60,000 atairudisha yeye kwa mamlaka yake. Hizo 3,250,000 hakuniahidi, nami sikumlazimisha aahidi. Barua nimeiacha imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo.

Polisi nimerudi na kueleza kama nilivyoelekezwa. Safari hii nilipelekwa chumba kingine, wakaandika maelezo kurasa mbili, na wamesema wataomba taarifa za usajili wa laini ile. Meseji zenyewe za "dereva" pia nimezituma kwenda 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli.

Nimewaomba waufunge uwezo wa kuandika namba, na nimeanza kujaza fomu ya kiungo cha malipo. Sasa niulize la mwisho. Kuna familia kutoka Ujerumani inataka vyumba viwili vya Desemba, na asubuhi ya leo baba wa familia ameniandikia kwamba kiungo kinamsumbua, akaniomba anitumie namba ya kadi kwa barua pepe. Nimemjibu kwamba atalipa akifika, kaunta, kwa kuichomeka. Je, nimdai chochote cha kushikilia vyumba, au nivumilie hatari ya wao kutokuja?

Karani_Mstaafu amejibu:

Mwombe atume malipo ya siku moja tu kutoka benki yake kwenda kwenye akaunti yako, zilizobaki alipe kaunta. Akibadili safari ukatakiwa kurudisha, rudisha kwenye akaunti ile ile iliyotuma. Akikuomba umrudishie kwenye namba ya simu ya dereva, niandikie kabla hujajibu.